Kipupwe cha Njombe na Kikao cha Ukoo: Panga Kabla Hujapanda Basi

Mitihani ikiisha, wengi wetu tunaotoka Nyanda za Juu Kusini tunarudi nyumbani, na mara nyingi haturudi peke yetu. Sabasaba inakaribia, watoto wako likizo, ndugu wa Dar es Salaam na Dodoma nao wanapanda mabasi. Vikao vya ukoo vingi vinaangukia hapo hapo. Na katibu wa kikao ni nani? Ni wewe, kwa sababu "wewe ndiye msomi". Shida ni kwamba wanaopanga wako kwenye joto la Ubungo, na wanapanga kwa akili ya Ubungo.

Tuanze na baridi yenyewe. Mwishoni mwa Juni jua la utosi liko mbali nasi, kwenye Tropiki ya Kansa, na upepo unavuma kutoka kusini. Lakini kwa Njombe sababu kubwa ni mwinuko. Kila unapopanda mita 1,000, joto hupungua kwa wastani wa nyuzi 6.5. Mji wa Njombe uko karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari. Basi usiku wa Dar ukiwa nyuzi 20, toa 13. Unabaki na 7. Uwanda wa Kitulo, kule Makete, uko kwenye mita 2,600 hivi. Hesabu hiyo malizia mwenyewe.

Kuna jambo jingine ambalo darasani hupitwa haraka. Msimu huu mvua hakuna, anga ni nyeupe. Mchana ardhi inapata jua la kutosha, ila usiku joto lake lote linapaa kwa sababu hakuna mawingu ya kulizuia. Mawingu ni blanketi. Tena hewa ya baridi ni nzito, inateremka bondeni, ndiyo maana viazi vya bondeni vinaweza kuungua kwa baridi wakati vya mlimani vimesalimika. Kwa hiyo mgeni akishuka saa saba mchana atakuambia, "Mbona kawaida tu?" Msubiri saa kumi na moja alfajiri.

Sasa kikao. Watu huanza na chakula, mimi nasema anza na malazi. Chukua mfano wa watu 40 kwa usiku 2. Andika nani analala wapi: bibi na babu, wanaonyonyesha na watoto wadogo wapate vyumba vya ndani visivyopitisha upepo. Vijana tunaweza kubanana sebuleni, na kubanana kwenyewe ni joto. Kila anayetoka nje aje na blanketi lake, sweta, soksi na kofia. Kuni za kuchemshia maji ya kuoga zipasuliwe wiki kadhaa kabla, zianikwe. Kuni mbichi zitawatoa machozi bure na maji yatabaki vuguvugu.

Mchango ndipo ugomvi unapozaliwa. Ndugu wa mjini wanatuma pesa kwenye simu, majina yao yanasomwa, makofi. Baba mdogo wa kijijini ametoa gunia la viazi, debe mbili za mahindi na kuni za siku zote, na kwenye orodha jina lake lina kistari. Hiyo siyo sawa. Weka thamani ya kila kitu kwa bei ya soko la pale pale na ukiandike kama mchango, maana asipoandikwa anageuka mgeni nyumbani kwake. Na sisi wa boom tuseme ukweli mapema: kama una elfu kumi, sema elfu kumi, halafu jitolee kuosha masufuria.

Jambo ninalotaka ulishike kuliko yote ni jiko la mkaa. Wageni wakishaona baridi, kuna shangazi atasema, "Leteni jiko chumbani, tufunge mlango." Atasema kwa upendo kabisa. Mkaa ukiwaka kwenye hewa haba unatoa gesi ya kaboni monoksaidi, isiyo na rangi wala harufu. Ikiingia kwenye damu, inashikamana na himoglobini kwa nguvu inayozidi ile ya oksijeni zaidi ya mara 200, hivyo mwili unakosa oksijeni huku mtu anapumua kama kawaida. Dalili ni kichwa kuuma, kizunguzungu, kichefuchefu na kuishiwa nguvu. Aliyelala hazioni, anaweza kupitiliza moja kwa moja.

Wengi wanaamini kwamba mkaa ukishakolea na kuwa mwekundu, bila moshi, basi ni salama. Sivyo. Moshi angalau unakukohoza ukatoka nje. Huu mkaa mwekundu haukuambii kitu. Dirisha lililoachwa wazi kidogo nalo siyo kinga ya kutegemea. Jiko libaki nje au kwenye jiko la kupikia lenye hewa, watu waote moto jioni, kisha waende kulala bila jiko. Anayetaka joto kitandani ajaze maji ya moto kwenye chupa imara, aifunge vizuri na kuizungushia kitambaa. Mtu akikutwa amezidiwa, mtoeni kwenye hewa safi na mumpeleke hospitali palepale. Maziwa hayaiondoi gesi hiyo kwenye damu, msipoteze muda nayo.

Kumwambia shangazi hayo usiku, mbele ya wageni, ni kumwaibisha, na atakujibu kwamba wamelala na jiko tangu hujazaliwa. Bora iwe sehemu ya tangazo la safari, tena litoke kwa mkubwa wa familia. Mwandikie baba mkubwa rasimu, yeye atume. Hata hivi inatosha:

"Kamweneni ndugu zangu. Huku baridi imeanza. Kila mmoja aje na blanketi, sweta na soksi, watoto waongezewe. Maji ya moto yatakuwepo asubuhi. Moto wa kuota utakuwa uani hadi saa nne usiku. Jiko la mkaa haliingii chumba chochote cha kulala, na hilo nimeshaliamua. Mtakaochelewa Makambako pigeni simu, vijana watawapokea stendi."