Mwaka wa Shida: Hazina ya Serikali na Akiba ya Nyumba

Ndugu zetu Waislamu, wako miongoni mwetu wanaodhani kwamba mambo ya kodi na hazina ni ya wakubwa, wala hayagusi chungu kilicho mafigani. Dhana hii si sawa. Na tuangalie yaliyowapata watu wa Homa Bay na Migori, kando ya Ziwa Viktoria, mwaka 2020.

Wengi wa watu wa pwani ya ziwa hilo huishi kwa samaki, na hasa dagaa, ambao wenyeji huwaita omena. Dagaa huvuliwa usiku kwa taa. Mwezi wa Machi mwaka huo, kwa ajili ya maradhi ya korona, Serikali ilikataza watu kutoka usiku. Mwezi wa Mei maji ya ziwa yakapanda kupita kipimo cha mwaka 1964, yakaingia majumbani na mashambani. Misiba miwili ikawakuta kwa pamoja.

Serikali ilifanya jambo. Aprili ilipunguza kodi ya ongezeko la thamani kutoka asilimia 16 hadi 14, na wenye mshahara usiozidi shilingi 24,000 kwa mwezi wakasamehewa kodi ya mshahara. Hili ni la kushukuriwa. Lakini mvuvi, na mama anayeanika dagaa mchangani, hawana mshahara. Basi watasamehewa nini? Na bidhaa ikishuka bei humfaa mwenye cha kununulia, si aliyekosa.

Tena tarehe 1 Januari 2021 kodi ya bidhaa ilirudi asilimia 16. Julai 2023 kodi hiyo juu ya petroli ilipandishwa kutoka asilimia 8 hadi 16, na mashua za mashini huenda kwa petroli. Hazina yenye madeni haiwezi kumhurumia raia siku nyingi.

Imepokewa kwamba Sayyidna Umar (R.A.), katika mwaka wa Ramada, mwaka 18 wa Hijra, ukame ulipoangamiza wanyama, aliahirisha kukusanya zaka, akaagiza chakula kutoka Sham, na neema iliporudi ndipo akatuma wakusanyaji. Hakungoja mwenye njaa aandikwe daftarini. Alikipeleka chakula kilipokosekana.

Katika haya mna mafunzo matatu.

Kwanza, nafuu ya Serikali ifuate hasara ilipo, wala isifuate karatasi ya mshahara tu.

Pili, kila nyumba iweke ghala yake kama alivyofundisha Nabii Yusuf (A.S.). Mkulima wa miwa wa Awendo, katika Migori, hungoja zaidi ya mwaka kabla ya kuvuna. Fedha humjia kwa mkupuo, hali watoto hula kila siku. Asipoigawa fedha hiyo siku ya kuipokea, ataangukia mkopo wa riba, na riba haijui mwaka wa mafuriko.

Tatu, zaka na sadaka zetu ziwatafute wasio katika orodha yoyote: mchuuzi, mchukuzi, mvuvi na mjane.

Sisi wa miji ya pwani tusiseme haya ni ya ziwani. Bahari nayo ina kusi yake. Akiba huwekwa siku ya shwari.

Wabillahi tawfiq.