Kumfundisha Mtoto wa Mbwa Kutii

Watu wengi hufuga mbwa ili walinde nyumba na mifugo, lakini ni wachache wanaowafundisha. Mbwa asiyefundishwa ni hasara kwa mwenyewe na kwa jirani. Hukimbiza mbuzi wa watu, huwarukia watoto waendao shule, na akiitwa barabarani hageuki hata gari likiwa karibu. Samaki hukunjwa angali mbichi; basi yafaa mafunzo yaanze mara tu mtoto wa mbwa atimizapo majuma 8 na kuachishwa mama yake.

Kwanza ifahamike kwamba mbwa hazaliwi na maana ya maneno. Yeye hujifunza kwa lile lifuatalo tendo lake. Tendo likimletea kitu chema, hulirudia. Lisipomletea faida, huliacha. Kwa hiyo mfundishaji awe na vipande vya dagaa au nyama iliyochemshwa, vidogo kama punje ya mahindi, ampe mbwa papo hapo afanyapo vema. Akikawia, mbwa hatajua amepewa kwa sababu gani.

Neno la kwanza ni “Njoo”. Mfundishaji achuchumae hatua chache kutoka kwa mbwa, ataje jina lake, kisha aseme “Njoo” kwa sauti ya furaha. Mbwa afikapo, apewe chakula. Zoezi hili lifanywe kwanza uani, kisha mahali penye watu na kuku, mbwa akiwa amefungwa kamba ndefu.

Neno la pili ni “Keti”. Chakula kishikwe karibu na pua ya mbwa, kisha kisogezwe polepole juu ya kichwa kuelekea kisogoni. Mbwa atainua kichwa kukifuata, na matako yatashuka yenyewe.

Neno la tatu ni “Ngoja”. Sahani ya chakula ishushwe polepole. Mbwa akiikimbilia, iinuliwe. Akitulia, iwekwe chini, aruhusiwe kula. Baadaye afundishwe vivyo hivyo langoni: lango lisifunguliwe mpaka atulie.

Watu wote wa nyumbani watumie neno lile lile. Baba akisema “Keti” na watoto wakisema “Kaa chini”, mbwa atachanganyikiwa.

Liko kosa moja linaloharibu kazi yote. Mtu humwita mbwa aliyekuwa akifukuza kuku. Mbwa hukawia, lakini mwishowe huja. Naye akifika hupigwa fimbo. Mwenyewe hudhani amemwadhibu kwa ajili ya kuku. Kumbe mbwa amejifunza kwamba “Njoo” ni maumivu, na kesho akiitwa atasimama mbali. Mbwa ajaye aitwapo asipigwe kamwe, hata kama amekawia.

Faida ya jambo hili huonekana siku ya chanjo ya kichaa cha mbwa. Ugonjwa huu, dalili zake zikiisha kuonekana kwa mtu, karibu kila mara humwua. Hapa Kenya mbwa huchanjwa atimizapo miezi 3, kisha kila mwaka. Lakini mbwa anayekimbia akiitwa hawezi kuchanjwa. Basi tangu utotoni azoezwe pia kushikwa masikio, miguu na mdomo kwa upole, huku akipewa chakula, ili asiogope mkono wa daktari wa mifugo. Hata hivyo, mtu yeyote akiumwa na mbwa, jeraha lioshwe kwa sabuni na maji mengi kwa muda wa dakika 15, kisha aende hospitali siku ile ile.

Mafunzo haya hayahitaji fedha nyingi. Dakika 5 asubuhi, 5 mchana na 5 jioni zatosha, maana mtoto wa mbwa huchoka upesi. Linalotakiwa zaidi ni subira ya mwenye mbwa, na kuendelea kila siku bila kukatiza.