Mbwa Anayekojoa Kila Mara: Mchunguze Figo Kabla ya Kumwadhibu

Mbwa wa wafugaji wa Bariadi au Meatu, mkoani Simiyu, hushinda nje, hivyo mkojo wake huweza kubadilika siku nyingi bila mtu kugundua. Chombo chake cha maji ndicho kitakachokuambia: kikiisha upesi kuliko kawaida, anza kumfuatilia. Dume anayeinua mguu na kudondosha matone kila kona huwa anaweka alama za eneo lake, na hilo si ugonjwa. Ila akikojoa mkojo mwingi, mweupe kama maji, kisha akarudi kunywa, huenda figo zimechoka au ana kisukari. Kwa jike aliyepata joto wiki chache zilizopita, huenda mji wa mimba umejaa usaha. Anayechuchumaa kila mara akatoa matone, pengine yenye damu, huenda ana maambukizi au mawe ya kibofu. Anayejikamua bila kutoa chochote asisubiri kesho. Na usimnyime maji ili apunguze kukojoa: figo mbovu hazizuii maji mwilini, kwa hiyo anakunywa kufidia yanayopotea.

Wapo watakaouliza kwa nini fedha zitumike kwa mbwa wakati ng'ombe wanahitaji dawa. Sababu ni mgunda, ugonjwa unaoweza kuharibu figo za mbwa na ambao bakteria wake hutoka na mkojo, wakamwingia mtu kupitia michubuko, macho au mdomo. Julai 2022 Wizara ya Afya ilitangaza wagonjwa 20 na vifo vitatu mkoani Lindi. Kumuua mbwa hakumalizi jambo, kwani panya na ng'ombe nao huubeba. Ni kweli Simiyu ni kukavu, na bakteria hawa hufa upesi juani. Lakini ukame huohuo ndio unaokusanya watu, ng'ombe na mbwa kwenye lambo moja, na tope la ukingoni huweza kuwahifadhi bakteria hao kwa wiki kadhaa.

Basi mbwa mwenye dalili hizo za mkojo mfunge kivulini, mbali na kisima, mwekee maji yake, vaa glavu unaposafisha mkojo, na mwite afisa mifugo wa kata. Mtu wa nyumbani akipata homa, misuli ya miguu ikauma na macho yakawa mekundu, mwambieni mganga wa zahanati kuwa mna mbwa mgonjwa, maana kipimo cha malaria hakionyeshi mgunda.