Nguo za Ndani ya Suti Kavu: Vaa kwa Ajili ya Dakika za Mwisho

Aliyejifunzia kuzamia Mafia, Pemba au Watamu amezoea maji ya nyuzi 25 hadi 29. Wengi huko huingia na suti nyembamba ya mpira, na wapo wanaoingia na kaptula na fulana tu. Mzamiaji huyo akihamia Ulaya au Canada kwa masomo au kazi, anakutana na bahari nyingine kabisa. Pale Scapa Flow, visiwani Orkney kaskazini mwa Scotland, ziko manowari za Ujerumani ambazo mabaharia wake wenyewe walizizamisha tarehe 21 Juni 1919. Zilizobaki zimelala kwenye kina cha mita 25 hadi 45 hivi, na maji yake hata mwishoni mwa kiangazi ni nyuzi 13 au 14. Silfra, ule ufa wa Iceland uliojaa maji ya barafu iliyoyeyuka, hauzidi nyuzi 4 mwaka mzima. Kwenye maji ya namna hiyo watu huvaa suti kavu, yaani vazi lisiloingiza maji, lenye mpira wa kubana shingoni na kwenye vifundo vya mikono.

Suti hiyo peke yake haina joto. Zile za kitambaa chenye tabaka tatu, ambazo ndizo nyingi siku hizi, ni koti la mvua lililoshonwa mwili mzima. Za neoprini nene zina joto kidogo, lakini vipovu vya hewa vilivyo ndani ya mpira hubanwa kadiri unavyoshuka, na joto hilo hupungua pale pale unapolihitaji. Kinachokukinga ni hewa iliyotulia, iliyonaswa kati ya nyuzi za nguo ulizovaa ndani. Maji hupitisha joto karibu mara 25 kuliko hewa, kwa hiyo kazi yote ya nguo za ndani ni kuishika hewa hiyo isitembee na kuhakikisha inabaki kavu. Unene ni jambo la baadaye.

Makosa mengi ya uchaguzi huanzia dukani au ufukweni, pale mtu anapojipima kwa jinsi anavyojisikia akiwa amesimama nchi kavu. Dakika 10 za mwanzo majini karibu kila vazi linatosha: damu inachemka, miguu inapiga maji, macho yana cha kutazama. Kipimo chenyewe ni dakika 10 za mwisho, umening'inia kwenye mita 5 bila kusogea, unasubiri muda uishe, vidole vimeanza kukataa amri. Hapo ndipo mahali pa hatari pia. Unaposhuka mwili hufyonza naitrojeni, na unapopanda sharti uitoe polepole. Mwili ulioingia baridi hupunguza damu mikononi na miguuni, na gesi hutoka kwa shida. Utafiti wa Jeshi la Majini la Marekani uliotolewa mwaka 2007 ulionyesha kwamba wazamiaji waliopata joto chini na baridi wakati wa kupanda waliugua ugonjwa wa wazamiaji, ule unaoletwa na gesi hiyo, zaidi kuliko waliokaa kinyume chake. Basi chagua nguo kwa kuifikiria safari ya kurudi juu.

Anza na kinachogusa ngozi. Nguo hii kazi yake ni kuondoa jasho, na pamba hapa haifai hata kidogo. Fulana ya pamba hunywa jasho na kulishika, nawe unabaki umejifunika kitambaa kibichi saa nzima. Tafuta fulana ya mikono mirefu na suruali ya kubana za poliesta, au za sufu laini ya merino. Sufu ni ghali, ila ina sifa moja inayoistahilisha bei yake: ikilowa kidogo bado inatoa joto, na haishiki harufu upesi. Kwa mtu anayezamia siku tatu mfululizo na kulala kwenye boti pamoja na wenzake, hilo la harufu si dogo.

Juu yake inakuja nguo ya kushika hewa, na hii ndiyo ya kutolea pesa. Wengi huvaa ovaroli ya kipande kimoja, ama ya flisi ama yenye kijazio cha nyuzi laini sana kama Thinsulate. Kijazio hupimwa kwa gramu kwa kila mita ya mraba. Kama mwongozo wa kuanzia, maji ya nyuzi 15 na kuendelea flisi nyembamba inatosha. Kati ya 8 na 14 tafuta kijazio cha gramu 200 hivi. Chini ya hapo panda hadi 300 au 400, au ongeza kizibao kifuani. Miili haifanani. Mwembamba, anayezamia bila kusogea sana kwa kuwa anapiga picha, na aliyelala vibaya usiku, wote wapande daraja moja.

Huna pesa ya ovaroli mpya? Flisi ya mitumba kutoka soko la Karume au Gikomba inafanya kazi, almradi kibandiko chake kiseme poliesta asilimia 100. Epuka yenye kofia, vifungo vikubwa au zipu nene ya chuma. Presha ikibana suti, vitu hivyo huchora alama kwenye ngozi, na zipu inaweza kukaa kifuani kama kisu mpaka utoke.

Nguo zikishajazana ndani ya suti hadi zikabana, zimeacha kazi. Kijazio kilichobonyezwa hakina hewa, na kisicho na hewa hakina joto. Kwa hiyo ipime suti ukiwa umevaa kila kitu cha ndani, zipu imefungwa. Chuchumaa hadi chini. Jikumbatie mikono ikivuka mabega. Kisha nyoosha mkono nyuma ya kichwa kana kwamba unafungua vali ya mtungi. Kimoja kikigoma, ama suti ni ndogo ama nguo zimezidi. Miguuni hali ni hiyo hiyo: jozi mbili za soksi nene ndani ya buti linalobana huleta vidole vya barafu, wakati jozi moja ya sufu yenye nafasi ya kuchezesha vidole hukaa salama.

Wakati wa kuvaa, kuna jambo dogo linaloharibu safari nyingi. Mkono wa fulana ukiteleza hata nusu sentimita chini ya ule mpira wa kifundo, kitambaa hugeuka utambi. Hunyonya maji tone kwa tone, na baada ya nusu saa mkono mzima umelowa hadi kiwiko, nawe unalaumu suti kuwa imetoboka. Zungusha kidole kuzunguka mpira wote kabla ya kuvaa glavu, shingoni pia, ukihakikisha ngozi tupu ndiyo inayogusana na mpira. Angalia na vali ya kutolea hewa iliyo kwenye mkono wa kushoto: flisi nene ikiiziba kwa ndani, hewa haitoki unapopanda, na kupanda kwa kasi usikokutaka ni ajali inayokungoja.

Kila tabaka unaloongeza lina hewa, na hewa huelea. Ukibadili nguo, badili na risasi za mkandani. Pima uelea wako mwishoni, mtungi ukiwa umebaki na bar 50, kwa sababu mtungi wa lita 12 uliojazwa bar 200 una karibu kilo 3 za hewa na zaidi ya kilo 2 zinakuwa zimeondoka. Ubaki mita 5 bila kupaa, huku suti ikiwa na hewa ya kutosha kulegeza mbano. Kuna wanaojisifu kwa risasi chache. Mara nyingi hao hao ndio wanaotetemeka, maana ili wasielee wanalazimika kuikamua suti hewa yote, na hewa hiyo ndiyo blanketi lenyewe.

Kwa wanaozamia kina kirefu na gesi yenye heli: msijaze suti kwa gesi hiyo. Heli hupitisha joto karibu mara sita kuliko hewa. Tumieni mtungi mdogo wa hewa ya kawaida, au wa argoni.

Vizibao vya umeme vimepata mashabiki, na vinafaa kweli, lakini kama nyongeza. Anayevaa nguo nyepesi akitegemea betri, betri ikafa akiwa chini, amejitengenezea ile hali mbaya ya kupata joto mwanzo na baridi mwisho. Vaa kana kwamba kizibao hicho hakipo, kiwashe unapoanza kupanda.

Kofia na glavu visisahaulike. Kichwa kitupu kwenye nyuzi 6 hukumaliza haraka hata kama kiwiliwili kimevikwa vizuri. Usikae umefunga kila kitu kwenye jua la bandarini, kwani jasho la kusubiri boti ndilo litakalokugandisha baadaye. Wala usiache kunywa maji kwa kuogopa haja ndogo: ukavu wa mwili huzidisha hatari ya ugonjwa wa wazamiaji.

Baada ya safari fua nguo hizo kwa maji ya uvuguvugu bila kilainishi, kwa sababu huacha utando unaozuia kitambaa kupitisha jasho. Zitundike; ukizikunja na kuzibana kwenye begi miezi sita, kijazio kinalala na hakiamki tena. Na kama unakwenda Silfra na kampuni ya watalii, suti na ovaroli huwa ni vyao. Wewe beba fulana na suruali ya kubana isiyo ya pamba, soksi za sufu, na jozi kavu ya kila kimoja ya kubadilisha, maana kule chumba cha kubadilishia ni uwanja wa kuegesha magari.