Hukumu ya Mti Uliopandwa katika Ardhi ya Watu

Bismillahi Rrahmani Rrahim.

Sifa njema zote ni za Mwenyezi Mungu, Mwenye mbingu na ardhi na vilivyo baina yake, na rehema na amani zimshukie Mtume Muhammad na jamaa zake na sahaba zake. Ama baadu.

Hapana nyumba katika Chang'ombe isiyotumia mafuta ya kupikia. Mwenye uwezo hununua dumu zima, na asiye na uwezo humtuma mtoto dukani na chupa yake, akapimiwa ya siku moja. Na mengi katika mafuta hayo asili yake ni mchikichi: ama yamekuja kwa meli kutoka Malaysia na Indonesia, ama ni mawese mekundu ya Kigoma. Mnunuzi huuliza bei, na pengine huuliza kama mafuta ni safi. Wachache mno huuliza mti ule umepandwa katika ardhi ya nani. Suala hilo ndilo somo la kijitabu hiki, kwani mchikichi ni mti utakao ardhi kubwa, nao hukaa katika ardhi miaka ishirini na mitano na zaidi, na ardhi kubwa ni nadra kuwa haina mwenyewe.

Katika Ziwa Viktoria, upande wa Uganda, viko visiwa vya Ssese, na kilicho kikubwa chao ni Bugala. Mwanzo wa karne ya ishirini maradhi ya malale yaliwaua watu wengi mno kando ya ziwa hilo, hata serikali ya Kiingereza ikawaondosha watu visiwani mwaka 1909, wakakaa bara miaka mingi kabla ya kuruhusiwa kurejea. Msitu ukaota katika viwanja vya nyumba zao na juu ya makaburi ya wazee wao. Aliyepita baadaye akaona miti, akasema: hii ni ardhi tupu. Lakini mtu aliyeondoshwa nyumbani kwake na maradhi, au kwa amri ya mwenye nguvu, hakuiacha nyumba yake kwa ridhaa, na haki ya mtu haifi kwa kuota majani.

Tena mkataba wa Buganda wa mwaka 1900 ulikuwa umekwisha kuigawa ardhi kwa maili za mraba, wakapewa Kabaka na wakubwa wa nchi, na nyengine ikawa ya serikali. Mkulima aliyekuwa akilima hapo tangu zama za babu yake akawa ni mwenye kibanja, yaani mtu akaaye na kulima juu ya ardhi iliyoandikwa kwa jina la mwengine. Yeye ana migomba na kahawa na kaburi la baba yake; mwengine ana karatasi. Asiyelifahamu jambo hili hataifahamu khitilafu iliyokuja baadaye.

Mwaka 2003 serikali ya Uganda ilifunga mkataba na kampuni ya Bidco, na pamoja nayo Wilmar ya Singapore, ili michikichi ipandwe katika Bugala. Na kampuni ya shamba ikaitwa Oil Palm Uganda Limited. Shamba la kampuni likakadiriwa kuwa hektari 6,500, na hektari 3,500 nyengine zikawekwa kwa wakulima wadogo, wapande wenyewe na kuiuzia kampuni matunda yao. Mkopo wa kuwasaidia wakulima hao ulitoka katika Mfuko wa Kimataifa wa Maendeleo ya Kilimo. Ama ardhi ya shamba kubwa, serikali ndiyo iliyochukua juu yake kuitafuta na kuikabidhi. Msomaji na alishike neno hili, kwani litarejea.

Haki yapasa kusemwa hata ikiwa haimridhishi mwenye kulalamika. Wakulima wadogo waliopanda michikichi katika viwanja vyao wenyewe walipata faida. Wengi wao hulipwa kila mwezi kwa uzani wa matunda, wakajenga nyumba za bati na kusomesha watoto. Mti wenyewe hauna dhambi. Lakini wengine walisema kuwa tingatinga ziliingia katika vibanja vyao zikafyeka migomba na kahawa, na kuwa fidia ama hawakuipata ama ilikuwa haba. Na mwaka 2015 wakulima zaidi ya mia walipeleka madai yao katika Mahakama Kuu ya Masaka. Kampuni ilikana kuwa imemdhulumu mtu. Kuhukumu baina ya watu hao ni kazi ya kadhi aliyesikia pande zote mbili, wala si kazi ya kijitabu. Ila hukumu ya sharia katika jambo la namna hii yajulikana tangu zama za Mtume (S.A.W.), nayo ilitoka katika shauri la mitende.

Imepokewa katika Sunan za Abu Dawud kuwa watu wawili waligombana mbele ya Mtume (S.A.W.), mmoja wao alikuwa amepanda mitende katika ardhi ya mwenziwe. Mtume akahukumu kuwa ardhi ni ya mwenyewe, na mwenye mitende akaamrishwa aitoe mitende yake. Aliyeisimulia khabari hii akaeleza jinsi mashina yalivyokatwa kwa mashoka, na ilikuwa mitende iliyokwisha kurefuka. Msomaji na atazame. Haikuwa miche ya juzi. Ilikuwa mitende mikubwa yenye thamani, imekula maji na taabu za miaka. Na kama thamani ya mti ingeweza kuihalalisha ardhi ya watu, basi ingeihalalisha siku ile. Wala haikuhalalisha. Katika mlango huohuo Mtume (S.A.W.) ametaja kuwa mzizi wa dhalimu hauna haki yoyote ya kubaki ardhini.

Na juu ya msingi huu wamejenga wanazuoni wa madhehebu ya Imamu Shafii, ambayo ndiyo madhehebu ya watu wa pwani hii. Imamu Nawawi katika Minhaji amesema kuwa mwenye kupanda au kujenga katika ardhi aliyoinyang'anya hulazimishwa kung'oa. Na kung'oa si mwisho wa deni lake: yampasa alipe upungufu ulioingia katika ardhi, na alipe ujira wa ardhi kwa muda wote alioishika, hata kama hakupata faida ndani yake. Wakikubaliana mwenye ardhi na mwenye miti kuwa miti ibaki kwa kodi, au mmoja anunue cha mwenziwe, hapana ubaya. Lakini makubaliano ni ya watu wawili walio huru kukataa.

Wakati huohuo asidhani mtu wa Chang'ombe kuwa khabari hizi ni za visiwa vya mbali. Kisarawe, ambako wengi wa Chang'ombe wana mashamba na makaburi ya wazee wao, ni mwendo wa asubuhi moja. Huko mwaka 2009 kampuni ya Kiingereza iitwayo Sun Biofuels ilipewa ardhi ya hektari 8,211 kwa muda wa miaka 99, ardhi iliyokuwa ya vijiji kadhaa, ili ipande mbono, ambao mafuta yake hayaliwi bali huendesha mashine. Mbono si mchikichi, lakini shauri ni moja. Mwaka 2011 kazi ikasimama na mamia ya watu wakaachishwa. Wanakijiji wakalalamika kuwa visima na shule na zahanati walizoahidiwa hawakuziona, na kuwa njia ya kwendea majini na makaburini ilikuwa imefungwa. Shamba la kampuni halikustawi, na msitu uliofyekwa haukurudi.

Hapa ndipo pa kueleza ugonjwa wenyewe, nao ni neno «ardhi tupu». Ardhi ya kijiji si ile iliyolimwa mwaka huu tu. Uko msitu wa kukata kuni na kuchoma makaa, liko bonde la kuteka maji, yako majani ya kuezekea na miti ya dawa, na liko konde lililoachwa lipumzike. Mgeni akipita na ramani yake huona pori. Sharia ya Kiislamu inayo hukumu ya pori: ardhi mfu, yaani isiyokuwa na mwenyewe wala athari ya ujenzi, mwenye kuihuisha huimiliki. Lakini wanazuoni wameweka mpaka, wakauita harimu. Harimu ya kijiji ni pale ambapo watu wake hawawezi kuishi bila yake: mahali pa kukutania, mahali pa kulaza wanyama, mahali pa kutupa taka, na mfano wa hayo. Hapo hapamilikiwi na mgeni kwa kuhuisha, hata kama hapana mmea hata mmoja wala ukuta. Wanazuoni wale hawakuliona pori la Kisarawe, lakini walijua kuwa kijiji ni zaidi ya nyumba zake.

Sheria za nchi nazo zilijikwaa katika neno hili. Katika Sheria ya Ardhi ya Tanzania namba 4 ya mwaka 1999, ardhi ya jumla, ambayo serikali huweza kumpa mwekezaji, imeelezwa kuwa yaingia ndani yake hata ardhi ya kijiji isiyokaliwa wala kutumika. Na katika Sheria ya Ardhi ya Vijiji namba 5 ya mwaka huohuo maneno hayo hayamo. Sheria mbili za mwaka mmoja, na katika mwanya ulio baina yake waweza kupita msitu mzima. Sheria hiyo ya pili imeweka kuwa ardhi ya kijiji isiyozidi hektari 250 haihamishwi ila mkutano wa kijiji ukubali, na ikizidi hapo mkutano hutoa maoni yake na waziri ndiye akataye shauri. Na ardhi ikishahamishwa kuwa ya jumla, mwekezaji akiondoka haimrejei mwanakijiji kwa kuondoka kwake tu. Mzee atiaye dole gumba katika karatasi ya namna hiyo amefunga mlango wa wajukuu wake, na pengine aliambiwa kuwa anapokea zahanati.

Suala: Je, mkubwa wa kijiji au wa wilaya akiuza au kutoa ardhi ya watu bila ya idhini yao, mauzo hayo husihi?

Jawabu: Katika kauli yenye nguvu ya madhehebu ya Shafii, mauzo ya mtu asiye mwenye mali, wala si wakili wake, wala si walii wake, ni batili, hata kama bei ni nzuri na nia ni njema. Na ridhaa ni sharti la Kurani yenyewe katika Sura ya Annisaa, pale Mwenyezi Mungu alipokataza watu kuliana mali kwa batili isipokuwa iwe biashara ya kuridhiana. Mtume (S.A.W.) alipotaka kujenga msikiti wa Madina, uwanja ulikuwa wa mayatima wawili, Sahli na Suheli, wakaanikia tende hapo. Wakataka kumpa bure kwa ajili ya Mungu. Akakataa kuupokea bure, akaununua kwao. Hiyo ilikuwa nyumba ya Mungu, na wenye mali wameridhika, na aombaye ni Mtume. Juu ya hayo yote mayatima walilipwa. Sasa itazamwe ardhi ichukuliwayo kwa ajili ya kiwanda cha mafuta, na mwenyewe hakuulizwa.

Suala: Kampuni ikisema, sisi tulikabidhiwa ardhi hii na serikali, wala hatukujua kuwa ndani yake mna haki ya mtu?

Jawabu: Wanazuoni wamesema kuwa mikono yote ifuatayo mkono wa mnyang'anyi ni mikono yenye dhamana, ajue mwenye mkono au asijue. Kutojua humwondolea dhambi, hakumwondolei deni. Mwenye ardhi anayo haki ya kumdai aliyeishika. Lakini sharia haikumwacha huyu asiyejua apate khasara peke yake: atarejea kwa yule aliyemuuzia, amdai thamani aliyotoa, na amdai hata upungufu wa miti yake iliyong'olewa, kwa kuwa huyo ndiye aliyemghuri. Kwa hiyo mwenye kibanja asiambiwe aende akahangaike na serikali wakati kampuni imekaa juu ya shamba lake; yeye humdai aliye juu ya ardhi, na hao wawili watahesabiana baadaye. Na serikali ichukuayo juu yake kutafuta ardhi na kuikabidhi imechukua na dhamana yake.

Faida ya kulifahamu jambo hili kabla ya kupanda ni kubwa kuliko kulifahamu baada yake. Katika Kigoma tangu mwaka 2018 serikali ya Tanzania ilianza kuhimiza kilimo cha michikichi, na miche kuzalishwa katika kituo cha utafiti cha Kihinga. Na huko wengi wapandao ni wakulima wadogo katika mashamba ya wazee wao. Hapo mwenye mti ndiye mwenye ardhi, na fitina haina pa kuingilia. Katika Uganda nako, michikichi ilipotakiwa kuvuka kwenda kisiwa cha Buvuma, shauri la kuwalipa wenye ardhi na wenye vibanja lilichukua miaka mingi. Wako walioona kuwa ni kuchelewa. Ni kuchelewa kweli, lakini ni kuchelewa kwa mtu aulizaye mlangoni kabla ya kuingia.

Suala la mwisho: Mtu wa Chang'ombe anunuaye mafuta ya kupima dukani, je, mafuta hayo ni haramu kwake kwa kuwa huenda mti wake umepandwa katika ardhi iliyonyang'anywa?

Jawabu: La. Mti uliopandwa kwa mche wa mwenye kupanda ni wake, na matunda yake ni yake. Haki ya mwenye ardhi imo katika ardhi, na katika ujira wake, na katika upungufu wake, wala haikuhamia katika chupa ya mafuta. Na mnunuzi hakukalifishwa kupeleleza asili ya kila kitu sokoni. Ila aliyejua kwa yakini kuwa watu fulani wamenyang'anywa, naye akawa ni dalali wa ardhi ile, au shahidi wa karatasi ile, au mwandishi wake, huyo hukumu yake si ya mnunuzi. Huyo ameingia katika jambo lenyewe, na yampasa atoe ushahidi wake mbele ya kadhi kabla wenye ardhi hawajafa.

Wallahu aalamu.