Roboti Iitwayo Eve na Vidonge Vitatu vya Mjamzito wa Moa

Mjamzito wa Moa anapohudhuria kliniki katika miezi mitatu ya pili ya ujauzito, humezeshwa vidonge vitatu vya SP mbele ya mhudumu. Herufi hizo ni kifupi cha dawa mbili, sulfadoksini na pirimethamini. Makala haya yanaihusu hiyo ya pili, kwa kuwa historia yake inaeleza vema kwa nini wanasayansi wa leo wanazikabidhi mashine kazi ya kutafuta molekuli mpya, na mashine hizo zinakomea wapi.

Pirimethamini ilitoka katika maabara ya Marekani walimofanya kazi Gertrude Elion na George Hitchings, waliotunukiwa Tuzo ya Nobel mwaka 1988. Kazi yao ilikuwa ya mikono na subira: kuunda molekuli, kuipima, kuibadili kidogo, kuipima tena. Katika miaka ya 1950 dawa hiyo ilijaribiwa kama kinga ya malaria huko Mkuzi, karibu na Muheza, chini ya Dkt. David Clyde. Haikuchukua muda mrefu vimelea sugu vikaonekana. Moa, ambayo kabla ya kuundwa kwa Wilaya ya Mkinga ilikuwa sehemu ya Wilaya ya Muheza, iko basi katika eneo lililoshuhudia mapema jinsi kimelea kinavyoishinda dawa.

Kinaishindaje? Kimelea huhitaji foleti ili kutengeneza vinasaba na kuzaliana. Kimeng'enya kiitwacho DHFR ndicho kinachoiweka foleti hiyo katika hali ya kutumika, na pirimethamini hujipachika ndani ya kimeng'enya hicho na kukizuia. Kimelea kinachobadili sehemu chache tu za umbo la kimeng'enya chake huifanya dawa ikose pa kushika vizuri. Binadamu pia ana DHFR yake. Kwa hiyo anayetafuta dawa mpya anatafuta molekuli yenye masharti mawili: ikizuie kimeng'enya cha kimelea hata kikiwa kimebadilika, na iache chetu salama.

Hapa ndipo Eve anapoingia. Ni maabara inayojiendesha, iliyobuniwa Uingereza na timu ya Profesa Ross King, na matokeo yake yalichapishwa mwaka 2015. Inatumia hamira. Jeni ya DHFR ya hamira huondolewa, na mahali pake huwekwa ile ya binadamu au ya kimelea. Kila aina hupewa protini inayong'aa kwa rangi yake. Hamira hizo huoteshwa pamoja katika kishimo kimoja kidogo, kisha roboti hudondoshea molekuli inayopimwa. Rangi ya kimelea ikififia huku ya binadamu ikistawi, molekuli ina matumaini. Zikififia zote mbili, huenda ni sumu tu.

Eve anaweza kupima zaidi ya molekuli 10,000 kwa siku. Hata hivyo, wingi huo kwa maoni yangu si jambo kubwa kuliko yote. Kubwa ni kwamba programu yake haipimi kila kitu kilichoko ghalani. Hujifunza kutokana na majibu ya kwanza ni maumbo yapi yanaelekea kufaa, ikachagua yanayofuata. Mvuvi hatupi jarife popote. Kwanza huyasoma maji.

Matokeo yalipatikana. Molekuli TNP-470, iliyokuwa imechunguzwa kwa ajili ya saratani, ilionekana kukizuia kimeng'enya cha Plasmodium vivax, kimelea ambacho si tatizo kubwa kwetu. Mwaka 2018 ikaripotiwa triklosani, kiungo cha baadhi ya dawa za meno. Ilikwishajulikana kwamba inaathiri kimeng'enya kingine cha kimelea. Eve akasaidia kuonyesha kuwa inakizuia pia DHFR, hata ile iliyo sugu kwa pirimethamini. (Mtu asije akameza dawa ya meno kwa sababu hiyo! Marekani ilipiga marufuku triklosani katika sabuni za kunawia mwaka 2016.) Ugunduzi huo unaonyesha njia, hakuna dawa ya malaria iliyokwisha kutoka humo.

Tahadhari nyingine inatoka nje ya tiba. Mwaka 2023 maabara ya roboti huko Berkeley, California, iliripoti kutengeneza mata mpya 41 kati ya 58 zilizokusudiwa, kwa siku 17. Wanakemia wengine walipochunguza vipimo hivyo walidai kwamba nyingi hazikuwa mpya, na kwamba mashine ilisoma vibaya picha za eksirei. Mikono ya roboti ilikuwa na kasi. Ubishi ulikuwa juu ya tafsiri.

Tena molekuli ikishapatikana, bado kuna majaribio ya usalama kwa wanyama, halafu kwa watu, na wajawazito ndio huingizwa mwisho kabisa. Hakuna akili unde inayoifupisha mimba ya miezi tisa. Wakati huohuo, utafiti uliokusanya sampuli nchini mwaka 2021 uliona mkoani Kagera vimelea vyenye mabadiliko yanayohusishwa na usugu wa sehemu dhidi ya artemisinini, msingi wa dawa mseto ya ALu.

Kwa hiyo SP lazima itumike ipasavyo. Hata penye usugu, tafiti zimeonyesha bado inawasaidia watoto wasizaliwe na uzito pungufu. Mama apate angalau dozi tatu, zikipishana mwezi mmoja au zaidi. Anayeishi na VVU na kutumia kotrimoksazoli hapewi SP.

Kuna pia jambo moja ambalo somo la DHFR linalieleza wazi. Asidi ya foliki ikiwa nyingi mwilini hukipa kimelea kile ambacho SP inajaribu kukinyima. Miligramu 0.4 kwa siku haina shida; miligramu 5 huipunguzia SP nguvu. Mhudumu asome namba kwenye kopo kabla ya kumkabidhi mama vidonge, naye mama aje kliniki na vidonge vyovyote alivyonunua dukani. Mwenye selimundu, ambaye huenda ameandikiwa dozi kubwa kwa sababu nyingine, asiiache kwa uamuzi wake mwenyewe. Daktari ndiye atakayepanga namna ya kuzitumia dawa hizo mbili.