Lori Limelala, Mvua Inanyesha: Maswali Kuhusu Ekzosi ya Juu

Aprili moja, kwenye yadi ya malori nje ya Dar es Salaam, nilimwona fundi akilegeza klempu iliyo chini ya mafla ya lori lililolala wiki tatu. Maji meusi yalimwagika, mazito kwa masizi, yakajaza nusu ndoo. Dereva alikuwa keshapanda, ufunguo mkononi. "Kaka, shuka kwanza," fundi akamwambia. Yalikuwa maji ya mvua tu, yameingilia mdomo wa ekzosi iliyosimama nyuma ya kabini bila kifuniko. Haya ndiyo maswali ninayoulizwa kila masika yanapokaribia.

Ni malori gani yanahusika?

Yale ambayo bomba lake la moshi limesimama wima, mdomo ukiangalia mbinguni. Malori ya Marekani kama Freightliner, Kenworth na Peterbilt ndiyo hasa yenye mabomba hayo, moja au mawili. Mengi ya Ulaya hutoa moshi chini, pembeni mwa chesi, na wenye hayo hawana shida hii. Lakini trekta la shambani lenye bomba juu ya boneti limo, tena hali yake ni mbaya zaidi, kama tutakavyoona.

Tundu lile linaingiza maji kiasi gani?

Mvua ya milimita 1 ikianguka kwenye mita 1 ya mraba ni lita 1 ya maji. Bomba la inchi 5 lina mdomo wa karibu sentimita 127 za mraba. Piga hesabu: mvua ya milimita 200, ambayo Dar es Salaam inaweza kuipata kwa mwezi mmoja tu wa masika, inamimina lita mbili na nusu kwenye kila bomba. Lori la mabomba mawili limekunywa lita tano, na mlinzi aliyekesha pale hajaona chochote.

Yakishaingia yanaenda wapi?

Kwanza yanatua kwenye mafla. Humo yanachanganyika na masizi yenye salfa, yanakuwa makali, yanaanza kula bati kwa ndani. Mafla nyingi zina kitundu cha kuchuruzisha maji upande wa chini, lakini masizi yakikiziba, maji yanapanda. Katika malori mengi bomba hushuka chini ya kabini kisha hupanda tena kuelekea turbo, kwa hiyo maji hujaa kwenye pindo hilo kabla hayajaifikia injini. Matrekta mengi hayana pindo la namna hiyo. Bomba linashuka moja kwa moja mpaka kwenye injini.

Yakifika kwenye turbo, kutu inaanza kushika shafti. Yakivuka hapo, injini ikiwa imezimwa, kuna valvu za moshi zilizobaki wazi, na maji yanaingia silinda. Hapo ndipo hatari yenyewe ilipo. Chukua injini ya lita 13 yenye silinda sita. Pistoni ikifika juu kabisa, nafasi inayobaki ndani ya silinda moja ni kama mililita 135, pungufu ya kikombe cha chai. Hewa hubanika, maji hayabaniki. Kikombe kimoja cha maji kikiwa mle, dereva akapiga stati, pistoni inapanda na kukuta ukuta. Konrodi inapinda. Wakati mwingine injini inawaka hivyohivyo, inafanya kazi siku kadhaa, kisha konrodi ile inakatika na kutoboa bloku safarini. Tajiri atamlaumu dereva kwa kukimbiza gari, kumbe kosa lilifanyika yadini.

Mbona langu limenyeshewa miaka yote na halijafa?

Kwa sababu linatembea. Lori linaloendeshwa kila siku hukausha mabomba yake kwa joto, na moshi wenyewe husukuma matone nje. Anayepaswa kuogopa ni mwenye lori lililolala, iwe linasubiri kipuri, mzigo au kesi.

Nikiliwasha dakika tano kila asubuhi, si yatakauka?

Hapana, na hili linawaponza wengi. Lita 1 ya dizeli ikiungua inatoa karibu lita 1 ya maji, yakiwa mvuke. Bomba likiwa baridi, mvuke ule unageuka matone humohumo ndani. Ukiliwasha kidogo na kuzima, umeongeza unyevu. Ama liendeshwe mpaka mafla ipate moto kwelikweli, ama liachwe likiwa limefunikwa.

Nifunike kwa kitu gani?

Bora ni kifuniko cha bawaba: moshi hukifungua, ukizima kinajifunga kwa uzito wake. Ukikifunga kwenye bomba, bawaba ikae upande wa mbele, upepo wa safari usikipeperushe. Kutu hukikamata, basi kichezeshe kwa mkono mara kwa mara.

Kama huna, kopo kubwa la maziwa ya unga linatosha kabisa. Liwe pana kuliko bomba, livae kama kofia, ulifunge kwa kipande cha mpira wa tyubu. Subiri bomba lipoe, hasa ukitumia ndoo ya plastiki au nailoni. Usishindilie matambara ndani, maana yananyonya maji na kukaa nayo, na yanaweza kutumbukia. Tumia ngazi, kwa kuwa tangi la mafuta lililoloa linateleza. Kisha funga kitambaa chekundu kwenye usukani ili atakayewasha akumbuke kuvua kopo, kwani likirushwa na moshi linaweza kumjeruhi mtu.

Nilisahau kufunika, na mvua imenyesha wiki nzima. Nifanyeje?

Usipige stati. Legeza klempu ya chini ya mafla, maji yatoke. Kata mafuta, kisha fundi aizungushe injini kwa mkono, taratibu, mizunguko miwili kamili, ili kila silinda ipite hatua zake zote. Ikikwama popote, asilazimishe: afungue nozeli, maji yatokee juu. Chomoa na dipstiki. Oili ikiwa na rangi ya chai ya maziwa, lori lisiwashwe mpaka fundi ajue maji yamepitia wapi na oili yote iwe imemwagwa.